Picha niliyomtumia kifungua mimba: kisa cha mawasiliano na familia moja mjini Nakuru

Kisa hiki kinahusu ujumbe mmoja wa simu, sentensi tatu na picha moja, ambao niliutuma mwenyewe Alhamisi jioni nikiwa ndani ya matatu nikitoka Langalanga kuelekea mjini Nakuru. Niliamini ujumbe huo ni wa kweli, ulikwenda kwa mtu aliyeuomba, na ulitumwa upesi kama utaratibu wetu ulivyotaka. Hata hivyo ulimfungia mgonjwa mlango wa huduma kwa siku 16, na kidonda chake kikazidi. Nimebadilisha mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu, wala sitataja jina la yeyote au la shirika tunalofanyia kazi ya kuwatembelea wazee majumbani.

Mteja ni mama wa miaka 78 aliyepatwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Upande wake wa kulia umepooza, na maneno yamemkimbia: husema "haya" kwa kila jambo, awe anakubali au anakataa. Hali hiyo ya kupoteza usemi, ambayo wataalamu huiita afasia, haimaanishi kwamba akili imezimika. Mama anasikia, anaelewa sehemu kubwa ya anayoambiwa iwapo sentensi ni fupi, na anawatambua watoto wake wote. Naliweka jambo hili mwanzoni kwa sababu lilikuwa limeandikwa katika faili lake tangu siku ya kwanza, tulilisoma, na bado tulitenda kama watu wasiolijua.

Watoto wake ni wanne. Kifungua mimba ni mwanamume anayefanya kazi Nairobi, na ndiye anayelipa kodi ya nyumba na mchango wetu wa huduma. Wa pili ni binti aliye Saudi Arabia, mfanyakazi wa nyumbani, ambaye hutuma pesa za pampasi kila mwezi na hupata nafasi ya kushika simu baada ya saa tano usiku. Wa tatu ni binti anayeishi na Mama. Aliacha kuuza mitumba ili amtunze, na katika maandishi haya nitamwita mlezi. Kitinda mimba ni mwendesha bodaboda. Yupo pia mjukuu wa miaka 11, mtoto wa mlezi, ambaye humwelewa bibi yake kuliko sisi sote tuliosomea kazi hii, na yupo mama mdogo, ndugu wa mteja, anayeishi Subukia na kuheshimiwa na kila upande. Mama hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi kutoka mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, na mlezi ndiye huzichukua kwa niaba yake. Fedha hizo ni kidogo, lakini baadaye zilisemwa sana.

Tulipoanza huduma tulijaza fomu yenye mstari unaosema: "Mwanafamilia wa kuwasiliana naye." Mstari mmoja, jina moja, namba moja ya simu. Tuliandika jina la kifungua mimba, kwa kuwa ndiye aliyetutafuta na ndiye aliyekuwa akilipa, naye akaomba apewe taarifa kila wiki. Hakuna aliyeona tatizo, hata mlezi, ambaye siku hiyo alikuwa jikoni akitutengenezea chai. (Nikitazama nyuma naona kwamba mtu aliyekuwa jikoni ndiye aliyepaswa kuketi mezani, na sisi wageni tungeweza kuisubiri chai.) Fomu yenye mstari mmoja huchukulia kwamba familia ina sikio moja, na kwamba sikio hilo ni la mwenye pesa.

Alhamisi hiyo tulimkuta Mama na mjukuu peke yao. Mlezi alikuwa ametoka kwenda sokoni na angerejea baada ya saa moja. Tulipomgeuza Mama ili kumwosha tuliona kidonda juu kidogo ya makalio, mahali ambapo mfupa hukaribiana na ngozi, upana wake kama sarafu ya shilingi 20, ngozi ya juu ikiwa imekwisha kuchubuka. Kidonda cha namna hiyo hutokana na kulalia mahali pamoja kwa muda mrefu hata damu isipite vizuri, na ndiyo sababu mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili. Dalili ya kwanza inayofundishwa ni wekundu usiofifia unapobonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mtu hutakiwa kutafuta joto, ugumu au weusi uliozidi wa kawaida. Hatukuwa tumemfundisha mlezi kutafuta dalili hizo. Nilipiga picha ili nimwonyeshe muuguzi wetu, tukasafisha kidonda, tukafunga, kisha, kwa kuwa tulikuwa na nyumba nyingine ya kuzuru, tukaondoka kabla mlezi hajarudi.

Ndani ya matatu nikamwandikia kifungua mimba hivi: "Mama amepata kidonda mgongoni kwa kutogeuzwa. Kinahitaji kushughulikiwa haraka. Tafadhali tuwasiliane." Nikaambatisha picha.

Neno lililoniponza ni "kutogeuzwa". Nilipoliandika niliona linaeleza chanzo tu, tena kwa lugha ya kitaalamu isiyomtaja mtu. Lakini katika nyumba yenye mtu mmoja tu wa kugeuza, neno hilo haliwezi kukosa mwenyewe. Kila aliyelisoma alijaza jina, na jina likawa moja. Isitoshe, sikuwa na hakika kwamba Mama hakugeuzwa. Nilikuwa nimeona kidonda na kukisia kisa chake. Nilipaswa kuandika nililoliona, yaani kidonda kipo, upana wake ni huu, tumekisafisha, na kuacha nafasi ya chanzo wazi mpaka nizungumze na mtu anayelala chumba kimoja na mgonjwa.

Kifungua mimba alipeleka ujumbe pamoja na picha katika kundi la WhatsApp la familia, lenye watu 23, wakiwemo wakwe na binamu. Mlezi aliarifiwa na wifi yake aliyempigia saa mbili usiku kumuuliza, kwa sauti aliyoielezea baadaye kuwa ya upole wa uongo, kama ni kweli Mama "anaoza". Ilipofika saa tano dada yake wa Saudi Arabia alifungua simu, akaiona picha kabla ya kuona maneno, akapiga akilia. Usiku huo huo katika kundi mtu mmoja akauliza zinakokwenda zile shilingi 2,000 za kila mwezi. Alhamisi iliyofuata tulibisha lango na mjukuu akaja kutuambia, bila kutuangalia machoni, kwamba mama yake amesema hawapo. Sauti ya Mama ilisikika ndani ikisema "haya, haya."

Kwa siku 16 hatukuingia. Nilimpigia kifungua mimba, naye akanihakikishia kwamba "amemwambia" dada yake afungue, jambo ambalo bila shaka liliukaza mlango zaidi. Aliyefanikiwa kuingia ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo, kwa sababu yeye ni jirani na alikuja kama jirani, akiwa na maziwa. Ndiye aliyetuambia kwamba kidonda kimeongezeka na kimeanza kutoa harufu. Pia ndiye aliyetuletea habari ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha kisa hiki.

Kitandani mwa Mama kulikuwa na godoro la hewa lililonunuliwa na kifungua mimba. Godoro hilo lina pampu ya umeme inayojaza na kupunguza hewa kwa zamu, ili uzito wa mwili usikae mahali pamoja. Nyumba hiyo inatumia stima ya tokeni, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa. Zikiisha usiku, pampu hunyamaza, hewa hupungua, na mgonjwa huishia kulalia mbao za kitanda akitenganishwa nazo na plastiki tu. Katika wiki mbili zilizotangulia Alhamisi ile tokeni zilikuwa zimeisha usiku mara tatu. Mlezi alikuwa akimgeuza Mama kabla ya kulala na alfajiri, akiamini kwamba godoro linafanya kazi iliyobaki. Hakuna aliyemwambia kwamba hata godoro zuri haliondoi haja ya kugeuza. Kifungua mimba alijua amenunua godoro la bei kubwa. Dada wa ng'ambo alijua ametuma za pampasi. Habari ya tokeni haikuwa katika ujumbe wowote wa mtu yeyote, kwa kuwa aliyekuwa nayo hakuwa katika orodha ya watu wa kuwasiliana nao, na kumwomba kaka pesa za stima baada ya godoro ghali kama lile kulimwonekania kuwa ni utovu wa shukrani. Wiki baada ya wiki nilikuwa nikituma taarifa Nairobi kutoka nyumba ambayo sikuwahi kumwuliza mkaaji wake usiku huwaje.

Nilikwenda peke yangu, jioni, bila mkoba wa kazi. Mlezi alifungua lango nusu. Nilimwambia kwamba niliondoka bila kumsubiri, kwamba nilimwandikia kaka yake jambo ambalo nilipaswa kumwambia yeye kwanza, kwamba neno nililolitumia lilimshtaki bila kumuuliza, na kwamba nimekuja kuomba msamaha wala si kukagua. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Dada, mimi ndiye namgeuza usiku. Halafu wewe unawaambia wao wanaolala." Sikumjibu, maana hakukuwa na jibu. Aliniachia nipite. Kuhusu msamaha nina jambo moja la kuwaambia wenzangu: nilikuwa nimetayarisha maelezo ya mzigo wa kazi na nyumba nyingine iliyokuwa ikitungoja siku ile, na nashukuru kwamba yaliniishia langoni, kwa sababu msamaha unaofuatwa na sababu husikika kama utetezi.

Jambo la pili nililofundishwa lilitoka kwa kifungua mimba mwenyewe, na sikulitarajia. Nilimpigia nikiwa nimekasirika kidogo kwamba aliisambaza picha. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza kwa utaratibu kama nilijua nimemtumia nini. Nikasema, picha ya kidonda. Akasema, "Umenitumia uchi wa mama yangu." Alieleza kwamba aliifungua akiwa kazini, akaifunga papo hapo, na kuipeleka kundini kwa mshtuko wa mtu anayetaka kitu kimtoke mkononi. Nimekulia huku huku. Najua kwamba katika jamii nyingi za Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya mwana wa kiume hauoni mwili wa mama yake, na kwamba kuuona huchukuliwa na wengine kama jambo la laana. Lakini nilipokuwa na simu mkononi nilikuwa nimekwisha kuugeuza mwili ule kuwa taarifa. Macho ya kazi yaliona kidonda. Macho ya mwana yaliona kitu kingine kabisa, na yalikuwa na haki.

Sheria yenyewe ilikuwa tayari upande wa Mama. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na kinataja waziwazi mambo ya kifamilia na ya kibinafsi yasifichuliwe pasipo haja. Kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na haisemi kwamba anayelipa gharama za mtu anakuwa mwenye habari zake. Mtu mzima akiwa na uwezo wa kuamua, ruhusa hutoka kwake. Kulipia kodi si uwakilishi, wala uzaliwa wa kwanza si uwakilishi. Katika mazungumzo yetu ya kila siku tunasema "familia imekubali" kana kwamba maneno hayo yanatosha. Mama hakuwa amekubali chochote, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Kikao kiliitishwa Jumapili alasiri, baada ya kanisa. Kifungua mimba alikuja kutoka Nairobi, kitinda mimba akaegesha pikipiki nje, dada wa Saudi Arabia aliombewa ruhusa kwa mwajiri wake akawekwa kwenye spika ya simu, na mama mdogo akashuka kutoka Subukia. Tuliketi sebuleni. Mama alikuwa chumbani nyuma ya pazia. Baada ya sala, kabla sijafungua mdomo, mama mdogo akauliza: "Tunayemjadili yuko wapi?" Kimya kikafuata. Kitinda mimba na kaka yake wakambeba Mama na kumketisha kwenye kiti chenye mito, na kwa kweli sehemu kubwa ya kikao hicho ilikwisha kufanikiwa wakati huo.

Kumuuliza mtu mwenye afasia kunahitaji subira na utaratibu. Kwa kuwa "haya" ya Mama haitegemewi, tulitumia mkono wake wa kushoto: kubana kidole ni ndiyo, kufungua kiganja ni hapana. Kwanza tulimjaribu kwa maswali ambayo majibu yake tunayajua, ili tuone kama njia hiyo inaaminika. Je, tuko Mombasa? Akafungua kiganja. Huyu ni dada yako? Akabana. Je, leo ni Jumapili? Akabana, na akatabasamu upande mmoja. Maswali yalikuwa mafupi, jambo moja kwa wakati mmoja, televisheni imezimwa, na kila swali lilirudiwa baadaye kwa kugeuzwa ili kuona kama jibu nalo litageuka. Mjukuu ndiye aliyetuonya mara mbili kwamba bibi amechoka.

Kisha tukaweka mbele yake picha za watoto wake wanne na kumuuliza, kwa maneno ya mama mdogo na si yangu: "Habari za mwili wako, tumwambie nani?" Aligusa picha ya mlezi. Akakaa. Akagusa picha ya binti aliye Saudi Arabia, na kutoka kwenye simu tukasikia mtu akilia tena, safari hii kwa namna nyingine. Picha za wanawe wawili alizisogeza pembeni, taratibu, hadi ukingo wa meza. Tulipomuuliza kuhusu nyumba, pesa na godoro, alinyoosha mkono akairudisha picha ya kifungua mimba katikati. Lilipoulizwa suala la kundi la WhatsApp, alifungua kiganja kabla swali halijaisha.

Makubaliano yaliandikwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na nakala ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mambo ya mwili wa Mama huambiwa mlezi kwanza, ana kwa ana, kabla hatujatoka ndani ya nyumba hiyo. Dada yake huarifiwa kwa ujumbe wa sauti ambao ataukuta saa tano usiku. Kifungua mimba hupokea habari za matumizi, vifaa na mipango, na kuhusu afya huelezwa kama hali inaendelea vizuri au vibaya, bila maelezo ya mwili. Picha hupigwa kwa ruhusa ya Mama ya siku hiyo, huonyeshwa muuguzi, na hufutwa. Jambo la dharura hupigiwa simu, haliandikwi. Tuliweka pia daftari la nyumbani, la kawaida lenye kurasa 96, ambamo mlezi na sisi tunaandika mahali pamoja. Katika faili letu la awali sisi tuliandika na yeye akaandikwa. Pesa za tokeni kifungua mimba alianza kuzinunua mwenyewe kutoka Nairobi kwa M-Pesa, kwa namba ya mita, na alipogundua gharama yake halisi ilikuwa ndogo kiasi gani aliomba radhi mbele ya wote.

Hakuridhika na kila kitu. Aliuliza, na nadhani swali lake lina uzito, inawezekanaje mtu agharamie huduma na asielezwe inafanya nini. Nilimjibu kwamba ataelezwa kazi yetu, saa tulizofika na tulichokifanya, na kwamba mwili wa Mama ni habari nyingine yenye mwenyewe. Alikubali kwa midomo. Sina hakika kwamba moyo ulifuata. Wifi yao bado hunena. Kitinda mimba aliahidi kulala na Mama usiku mbili kwa wiki ili dada yake apumzike, akatimiza wiki tatu, kisha kazi ya usiku ikamvuta tena barabarani, kwa hiyo uchovu wa mlezi, ambao ndio chanzo cha mengi, umebaki karibu palepale. Sisi nasi tumebadilisha fomu: mahali pa mstari mmoja sasa kuna jedwali lenye swali la nani aambiwe nini, na safu ya kwanza ni ya mteja mwenyewe. Mwenzangu mmoja amelalamika kwamba inachukua dakika 40 kuijaza. Ni kweli inachukua.

Kidonda kilianza kupungua wiki ya tatu baada ya lango kufunguliwa, na kilichukua zaidi ya miezi miwili kufunga. Juzi nilipofika mlezi alikuwa amelala kitini, nami sikumwamsha. Nilifungua daftari. Mwandiko wake wa usiku uliotangulia ulisema: "Saa nane. Nimemgeuza kushoto. Ngozi iko sawa, si moto. Amenibana kidole mara mbili, sijui alitaka nini, nimempa maji. Tokeni zimebaki yuniti 11."